Vitanda Saba na Sisi Tunalala Chini

Mimi nilishatangaza mbele ya watu, barazani kwangu, kwamba hakuna kitu chini ya jua kitakachonishangaza tena. Na nilikuwa na haki ya kusema. Mtu aliyeiona Palma yetu hii ya Msumbiji, ile ya kandili na mafuta ya kupima kwa kikombe, akaishi mpaka akaiona Palma ya gesi, atashangazwa na nini? Nimeona meli imesimama nje ya ghuba ina taa nyingi kuliko mji wetu mzima. Nimeona helikopta zikipita juu ya mihogo mpaka kuku wakazoea, hawainui hata shingo. Shamba nililolinunua kwa mbuzi wawili na redio ya betri, wamekuja watu wenye kofia ngumu kunibembeleza niwauzie kona yake tu, tena ile kona yenye mawe. Mimi Chande, niliyeishia darasa la nne na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, nina malori, nina nyumba ya wageni yenye vigae vyeupe na mashine ya ubaridi kila chumba, na wenye shahada zao wananiita patrau, yaani bosi. Nishangae nini?

Basi siku moja lori langu lilikuwa linahamisha vyombo vya watu waliokuwa wanapisha eneo la mitambo. Kazi ile ya kubeba niliipata mimi, si mtu wa Maputo, si mtu wa Nampula, mimi. Mvua ikatukuta njiani, turubai likavuja. Tulipofungua mlango wa nyuma ikatoka harufu. Godoro la sufi lililolowa. Ninyi wa rika langu mnaijua: sufi mbichi, kamba za usumba, mbao iliyokaa karibu na samaki wakavu, na kwa mbali marashi ya mtu asiyekuwepo. Nikashika bodi ya lori kwa mikono miwili.

Dereva akaniuliza, "Patrau, umeumwa?"

Nikamwambia, "Niache kwanza. Niko nyumbani."

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa kaskazini, pale njia ya Namoto inapoziacha nyumba na kuingia porini kuelekea mtoni. Nyumba ya fito na udongo, paa la makuti, ukumbi na vyumba viwili. Kuingia ulikuwa unaingia ubavu. Ukiingia kifua mbele unakwama, kwa sababu nyuma ya mlango kulikuwa na mlango mwingine, wa kuchongwa, hauna nyumba, umeegemezwa tu ukutani kama mgeni aliyechelewa kukaribishwa. Ukishaupita unakutana na vinu. Vinu vya kila kimo, vimepandana. Halafu masanduku ya bati, juu yake masanduku ya mbao, juu yake vibao vya mbuzi vya kukunia nazi, meno yake yamefungwa matambara yasimkate mtu. Darini kulining'inizwa baiskeli isiyo na matairi. Kulikuwa na cherehani ya mkono, saa ya ukutani isiyotiwa ufunguo, kitanda cha kubembelezea mtoto, madema ya kuvulia samaki. Na vitanda. Vitanda saba vya kamba, vimesimamishwa wima kuzunguka kuta, miguu yao inatutazama.

Na sisi watatu, mama yangu Bi Somoe, dada yangu Atija na mimi, tulilala katikati ya hayo yote juu ya mkeka mmoja, tumebanana kama watu tuliokodi nafasi kwa vyombo.

Baba sikumjua, alikufa ningali mgongoni. Mama alikuwa anasuka mikeka na kukaanga vitumbua, na kwa mikono ile miwili tulikula. Lakini vile vitu havikuguswa. Hatukutwanga katika vinu vile. Tulikuwa na kinu chetu kidogo, kimepasuka ubavuni, tunakifunga waya. Kulikuwa na kioo kikubwa cha fremu ya msaji, mama alikigeuza uso ukaangalia ukuta, na siku niliyojaribu kukigeuza nijione alinipiga kofi la mgongo.

"Usijitazame humo," alisema. "Uso wako kautazame kwenye ndoo yetu."

Mnajua watoto wa mtaa walivyo. Mkubwa wao wa ulimi alikuwa Saidi, mtoto wa mwenye kantina, duka la mtaa. Siku moja alikuja kuniita tukacheze, akachungulia ndani, akarudi mbio kuwatangazia wenzake.

"Kwa kina Chande kuna vitanda saba, na wao wanalala chini."

"Labda wana vitanda vya kulalia vitanda," akasema mwingine.

"Muulizeni kama vinakula. Mama yake huvipikia uji."

Wakacheka mpaka wakakaa mchangani. Mimi moto ulinishika masikioni. Tangu siku ile nikawa namaliza mchezo mapema, niwahi kufika kwetu kabla hajafuatana nami mtu. Nikiona mtoto anakuja upande wa nyumba yetu, natoka nje nakutana naye barabarani, namwambia ndani kuna mgonjwa. Nilimpa mama yangu magonjwa yote ya dunia. Aibu ya nyumba iliyojaa ni tofauti na aibu ya nyumba tupu. Nyumba tupu watu wanaihurumia. Iliyojaa, wanaicheka.

Lakini sikuwa mtoto wa kukaa na aibu bila maelezo, na akili ya biashara nilikuwa nayo tangu hapo. Nilikaa nikatafakari, nikapata jibu langu. Jirani yetu mmoja alikuwa amemwoza binti yake, nikaona kwa macho yangu vyombo vya bi harusi vinavyotolewa: kitanda kichwani mwa kijana, kinu kichwani mwa mwingine, masanduku, vibao vya mbuzi, wanawake nyuma wanapiga vigelegele, mtaa mzima unahesabu. Nikasema, alaa. Kumbe ndiyo maana. Vitu vyetu vyote hivi ni vya dada Atija, anawekewa harusi yake. Kioo kimegeuzwa uso ili wa kwanza kujiona awe bi harusi. Vitanda havilaliwi visichakae kabla ya bwana harusi. Kila kitu kikakaa mahali pake kichwani mwangu, vizuri kabisa, kuliko kilivyokaa ndani ya nyumba.

Nikaenda kwa Saidi nikamwambia, "Wewe cheka. Siku dada yangu akiolewa, foleni ya vyombo itaanzia kwetu na kichwa chake kitakuwa kimeshafika msikitini."

Kwa hiyo mwelewe furaha yangu ilipokuja habari ya posa. Atija alikuwa ameonekana ngomani na kijana mmoja wa Quiterajo, fundi wa kuunda mashua, jina lake Bakari. Ikaletwa salamu kwamba shangazi yake na bibi yake watakuja kututembelea. Wazazi hakuwa nao. Wanawake hao wawili ndio waliomlea, na neno lao ndilo neno. Dada alikuwa anamtaka yule kijana. Hakusema, ila alianza kuchana nywele asubuhi na jioni, na vitumbua akaviunguza. Mimi nilimtaka zaidi yake. Nilikuwa nikilala naziangalia kuta zisizoonekana nyuma ya vitanda, najiuliza zina rangi gani.

Sasa kwetu, wanawake wa upande wa mume wanapokuja nyumbani kwa binti, hawaji kula tu. Wanakagua, ila ukaguzi una adabu zake. Huomba maji ya kunywa, wapate kuuona mtungi. Huomba maji ya kunawa, wapate kuuona ua. Na mmoja wao, wakishakula, hujishika kichwa, anasema kinamgonga, apelekwe ndani akajinyooshe kidogo. Huko ndiko anakoona chumba. Hakuna asiyeijua hila hiyo na hakuna anayeikataa. Ukimkatalia mgonjwa kitanda, posa imekwisha.

Siku moja kabla wageni hawajafika, nilimsikia dada anamlilia mama jikoni.

"Mama, tuvitoe uani, siku moja tu. Tuvifunike makuti."

"Havitoki."

"Tuviweke kwa jirani, basi."

"Atija, havivuki kizingiti. Unajua."

"Wataniacha, Mama."

Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso. "Watakuacha. Lakini havitoki."

Mimi nyuma ya mlango nikamuunga mkono mama kabisa. Vitoke vipi kabla ya bi harusi mwenyewe?

Basi tukafanya tulichoweza. Dada aliazima kapulana na leso mtaa mzima, tukafunika. Kila rundo likavishwa. Vitanda vikawa kama wanawake wanene wamesimama wamejifunika gubigubi, vinu vikawa kama wanawali wamechutama. Ukumbi mzima ukachanua maua mekundu na manjano. Tulifagia, tukanyunyiza maji, tukafukiza udi. Niliona tumependeza kupita kiasi. Nikaenda kukaa njiapanda tangu alfajiri, na lori la mizigo lilipotokea nikalikimbilia kwa vumbi lake mpaka likasimama.

Shangazi alishuka wa kwanza. Aliitwa Muaziza, mwanamke wa mwili na sauti, bangili mpaka karibu na kiwiko. Nyuma yake akateremshwa bibi, Bibi Nuru, mdogo kama kifaranga, amekumbatia furushi jeupe na mwavuli mweusi, anatafuna tambuu.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Bi Somoe. Kwetu ndiko mnakokwenda. Kwetu kuna vitu vingi."

"Haya," alisema Shangazi, "tutaviona."

Wakaja. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaingia ubavu, na shangazi alipata tabu kidogo. Maji yakaombwa, mtungi ukaonekana. Wakanawa, ua ukaonekana. Mama aliwapakulia wali wa nazi na pweza wa kuchoma, dada akiwa amejiinamia kwa adabu mpaka nikadhani amepotewa na shingo. Mambo yalikwenda vizuri. Halafu Shangazi Muaziza akafuta mdomo, akaweka mkono kwenye paji la uso.

"Jamani, kichwa hiki. Lori lilitutikisa. Bi Somoe, hamna mahali nikajinyoosha?"

Dada alisimama na upawa mkononi. Mama akasema, "Ndani kuna mkeka, dada. Karibu."

"Mkeka?" Shangazi alishainuka. Akaingia chumbani, sisi nyuma yake. Akaangalia yale maua yaliyosimama ukutani, akashika pindo la kapulana moja akalivuta. Kitanda. Akavuta la pili. Kitanda, tena cha miguu ya kuchongwa. Akavuta la tatu ikatokea cherehani. Kichwa kilipona papo hapo.

"Mama," alimwita bibi, "njoo uone. Tumeambiwa hawa ni watu wa hali ya chini. Njoo uone hali ya chini yenyewe."

Sasa mimi kipaji cha kusema mbele ya watu nilizaliwa nacho. Nikapanda juu ya sanduku la bati.

"Vyote ni vya dada Atija," nikasema. "Vitanda vyote, vinu vyote. Na kile kioo, ndicho cha kwanza kutolewa. Mtavibeba lini? Nitaita watoto wa mtaa waje kusaidia."

Shangazi alinivuta akanikumbatia, nikapotelea kwenye marashi. "Mkwe wangu mdogo," alisema. "Huyu ndiye mwenye akili humu ndani." Akaanza kugawa. Kitanda kile cha kuchongwa cha maharusi. Hiki cha wageni. Cherehani ataitunza yeye, maana binti bado mdogo, asije akajidunga. Baiskeli ni ya fundi Bakari, itatafutiwa matairi Mocímboa. Alikuwa anacheka, na bangili zinacheka, na mimi nacheka. Dada Atija alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Leo mimi ni mtu wa biashara, nimekaa meza moja na watu wa kila namna, na ninajua kitu kimoja: pale mama angenyamaza tu. Angenyamaza mpaka ndoa ifungwe, ikishafungwa imefungwa. Mtoto ndiye aliyesema, yeye hajasema uongo. Biashara ngapi nimeona zikipita kwa kunyamaza namna hiyo.

Mama akasema, "Dada Muaziza, kaa kwanza. Mtoto hajui. Humu ndani chetu ni mkeka huo, na kile chungu cha wali uliokula, na kinu kilichofungwa waya, na mimi na wanangu. Vingine vyote ni amana za watu."

Bangili zikanyamaza.

Mama akaeleza, sauti ileile ya kuuzia vitumbua. Wakati wa vita vya kumtoa Mreno, watu walipokuwa wanakimbilia ng'ambo, Tanganyika, walipita mlangoni kwetu kwa sababu nyumba ilikuwa ya mwisho. Mbele ni pori, halafu mto. Mtu amebeba mtoto na kitanda. Hapo ndipo alipoona kwamba hawezi vyote viwili. Akimwachia mama kitanda, mama alichana kipande cha leso ya mwenye kitu, akakipasua vipande viwili, kimoja akakifunga kwenye kitanda, cha pili akaondoka nacho mwenyewe. Akirudi, mipasuko ilikutanishwa. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kila uzi. Na sharti la amana lilikuwa moja kwa wote: haitumiwi, haivuki kizingiti, mpaka mwenyewe aikute pale alipoiacha.

Mimi bado nimesimama juu ya sanduku la watu. Hebu fikiri. Kwa pigo moja nikajua kwamba sisi ni maskini, kwamba Saidi alikuwa karibu na kweli kuliko mimi, na kwamba kuta zile sitaziona.

Shangazi alikaa, akajipepea. "Waliovuka tangu vita? Bi Somoe, bendera imebadilika. Wangekuwa hai si wangerudi?"

"Wengine wamerudi, wamechukua. Wengine wako njiani."

"Njia gani hiyo isiyokwisha?"

"Siijui. Sikuipita mimi."

Shangazi akalainisha sauti. "Sikiliza, mwenzangu. Sisi ni wanawake. Binti hawezi kutoka mikono mitupu, watu wa Quiterajo watasemaje? Mpe kitanda kimoja. Hicho tu cha kuchongwa. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," mama alisema.

Nilimtazama dada. Alikuwa ameshusha leso usoni, machozi yanateremka, wala hafuti. Alikuwa anamtazama mama, na alichokuwa anaomba kilikuwa wazi kama mchana, na mama alikiona, akageuza macho akayaweka kwenye mkeka. Mkono wake ulikuwa unakunjua na kukunja ncha ya ukindu. Hilo ndilo jambo pekee lililoonyesha kwamba linamuuma.

"Basi," alisema Shangazi Muaziza, akiinuka na kujifunga leso kiunoni, "sisi tulikuja kuposa. Hatukujua tumekaribishwa ghalani. Mama, lori lisituache."

Bibi Nuru hakuinuka. Muda wote alikuwa ameegemea mlango usio na nyumba, anatafuna. Akanyoosha mwavuli, akagonga nao kile kitanda cha kuchongwa.

"Hiki cha nani?"

"Cha mchonga pembe za ndovu wa Pundanhar," mama akajibu. "Alipita na mkewe na pacha. Mkewe alikuwa na leso ya kijani."

"Ulikilalia?"

"Hapana, Mama."

"Hata siku moja, na homa?"

"Hapana."

Ule mwavuli ukageuka, ukanielekea mimi. "Huyu je, ulimzalia wapi?"

"Hapo mkekani. Kitanda kilikuwa hapo kilipo."

Bibi alianza kucheka. Alicheka taratibu, halafu kwa nguvu, mpaka tambuu ikampalia, dada akakimbia kumletea maji. Alicheka akinipiga magotini kwa mwavuli. "Umezaa chini," alisema, "na vitanda saba vinakutazama. Ee Mola." Akanywa, akapumua. "Muaziza, keti. Kichwa chako hakijapona."

"Mama, lori."

"Keti."

Shangazi akakaa.

Bibi akaliweka mapajani lile furushi jeupe, akalifungua kwa meno na kucha. Ndani kulikuwa na kitambaa kipya cheupe kilichokunjwa, na kichupa, na vijiti vya udi. Wakubwa wote waliitambua mara moja. Mimi sikujua ni nini. Niliona kitambaa tu.

"Sanda yangu," alisema. "Natembea nayo kila niendako. Nikiiacha nyumbani wajukuu wanaifungua, wanapima urefu. Mmoja alitaka kuifanya tanga." Akashika pindo la leso yake, akalichana kipande, akakipasua katikati kwa vidole vile vya kifaranga, akampa mama nusu. "Bi Somoe, nitunzie. Nitaifuata mwenyewe."

"Mama," alisema Shangazi, "sanda unaiachaje kwa watu baki?"

"Nani kakwambia naiacha kwa watu baki?"

Halafu Shangazi Muaziza, mwanamke yule, akajishika tena paji la uso, akajinyoosha juu ya mkeka wetu, miguu yake ikafika kwenye vinu. "Basi acheni kichwa kipoe," alisema. "Na huyo mkwe wangu mdogo mwongo aje anikande."

Nikamkanda. Hilo ndilo lilikuwa jibu lao, posa imekubaliwa, dada amekimbilia uani analia kilio kingine kabisa, mama anafunga lile tambara kwenye furushi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na hasira. Nilikuwa nimengoja wageni hawa waje watupunguzie, na wamekuja wakala pweza wetu, wakatuachia kingine.

Dada alitoka na mkeka mpya, chungu na kinu ambacho Bakari alikichonga mwenyewe kwa mti wa mashua. Foleni ilikuwa fupi, haikufika hata kwenye kantina. Saidi alikuwa amekaa kibarazani anangoja kucheka. Nilipita mbele yake na chungu kichwani, nikamsalimia kama mtu mzima, akaitika. Bibi Nuru alirudi kuifuata sanda yake kama alivyosema. Alirudi mara nyingi. Kila akija, mipasuko ilikutanishwa, furushi likafunguliwa, likakutwa vilevile, naye akalifunga akaliacha tena, apate sababu ya kuja kula pweza.

Na wale waliovuka mto wakazidi kurudi. Huyu leo, yule baada ya masika, na tambara mkononi. Wengine tambara limebaki nyuzi mbili, mama anazitambua. Mtu akikutanishwa na kitanda chake alikuwa anakaa juu yake palepale sakafuni, anakipapasa. Halafu anatazama huku na huku: nani atanibebea? Mimi nipo. Nilibeba vitanda, nikabeba masanduku, nikaubeba mlango ule wa kuchongwa na kijana mwenzangu mpaka karibu na Namoto. Wakanipa senti, wakanipa kuku. Nikanunua mkokoteni. Watu wanaoniuliza patrau, mtaji ulianzia wapi, nawajibu ulianzia kwenye takataka za mama yangu, wanadhani natania.

Lakini niliapa kwamba nyumba yangu mimi itakuwa tupu. Na nikajenga tupu. Ukiingia kwangu unaona vigae tangu mlangoni mpaka ukutani, viti vinne, televisheni, basi. Mke wangu akileta hata kapu namuuliza linaondoka lini.

Gesi ilipokuja, na watu wa upande wa pili wa ghuba walipoanza kuhamia nyumba mpya za matofali, si kila mtu alitaka kwenda na kila kitu siku ya kwanza. Vinu vya mabibi, madema, vitanda vya marehemu. Walitaka kwanza wakaone huko wanakokwenda kukoje. Hawakuja kwangu mwenye malori. Walipita mlangoni kwangu, wakaenda ile nyumba ya mwisho njia ya Namoto, ambako mama yangu, macho yakiwa yamekwisha, bado anakataa kuhama. Akaniita.

"Chande, kwangu kumejaa. Kwako kuna nafasi."

"Mama, kwangu wanalala wageni wa gesi. Wanalipa kwa usiku."

"Basi wasilale wengi."

"Mama, mle kuna vigae."

"Nilikulaza chini ukakua," alisema. "Leo unaogopa kitanda kusimama ukutani."

Nilikaa na neno hilo usiku mzima kwenye ubaridi wa mashine. Asubuhi nikamwita fundi. Nyuma ya nyumba ya wageni nikainua ghala la matofali, sakafu juu kwa ajili ya mchwa, madirisha ya kupitisha upepo, mlango wa chuma. Vitu vikaanza kuja, kila kimoja na tambara lake, na wapangaji wangu wakatoka kutazama. Mmoja wao, mhandisi, alikitaka kinu kimoja akiweke nyumbani kwao kama pambo, akataja bei ambayo, wallahi, kwa mara ya kwanza maishani niliisikia bei nzuri nikatikisa kichwa.

Ghala lilipokamilika nilimleta mama kwa gari, nimevaa shati jipya. Nikamwingiza. Akatembea akipapasa ukuta kwa kiganja na sakafu kwa fimbo, kutoka kona mpaka kona, na mimi nyuma yake nangoja, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto yule wa juu ya sanduku.

"Dogo," alisema.

Nikabomoa ukuta wa nyuma, nikaongeza. Saruji, nondo, mabati, mafundi, na huo ukuta uliobomolewa kwa neno moja la mama: zimekwenda meticali elfu mia tatu themanini na saba, mia sita na hamsini.